Miwani Iliyoshuka kwa Treni

Mjomba wangu alikuwa na studio ya picha mjini Mpanda, mtaa wa Kashaulili, mwendo mfupi kutoka stesheni. Mwishoni mwa miaka ya 1980, nikiwa bado shule ya msingi, jioni na siku za mapumziko nilikuwa msaidizi wake. Nilichota maji ya kuoshea picha, nikafagia, nikawapanga wateja kwenye benchi, na nikatunza vitu vya kuazimisha. Vitu vyenyewe vilikuwa vichache. Koti la kijivu lililomkaa kila mtu, kwa sababu mgongoni lilibanwa na vibanio vya nguo. Tai mbili. Saa ya mkononi iliyokwisha kusimama. Redio kaseti ya kubeba begani, isiyo na betri. Na miwani ya jua, moja tu, iliyokaa ndani ya soksi juu ya kabati.

Kati ya vyote hivyo, miwani ndiyo iliyogombewa.

Fremu yake ilikuwa ya chuma chembamba cha rangi ya dhahabu, vioo vya kijani vilivyoshuka hadi shavuni, na vyuma viwili vikipita juu ya pua. Kipuli kimoja cha pua kilikuwa kimepotea, na mahali pake mjomba aliweka kipande cha ndala alichokichonga kwa wembe. Mkono wa kushoto ulishikiliwa na uzi wa nailoni badala ya skrubu. Kwenye picha hayo yote hayakuonekana. Kilichoonekana ni kijana wa Nsemulwa au Makanyagio aliyesimama mbele ya pazia la bluu, kidevu juu, mkono mmoja mfukoni, akiwatazama wote watakaoitazama picha ile bila wao kuyaona macho yake.

Mjomba alikuwa na ufundi wake kwa wenye miwani. Mwanga wa flashi ukipiga kioo hurudi moja kwa moja kwenye kamera, na picha hutoka na doa jeupe badala ya jicho. Kwa hiyo alimsogelea mteja, akasema, "Samahani ndugu yangu," kisha akainua mikono ya miwani juu kidogo ya masikio, nywele mbili tatu tu, ili vioo viinamie chini. Mteja alihisi miwani imekaa upande, akataka kuirudisha. "Iache hapohapo. Usicheke. Nitazame mimi, mashine uiache." Hapo ndipo alipobonyeza. Picha nyeusi na nyeupe alizisafisha mwenyewe usiku, kwenye chumba cha nyuma. Filamu za rangi alizituma Tabora kwa treni, na wateja wakasubiri wiki nyingi huku wakipita kila siku kuuliza, "Bado tu?"

Umbo la miwani ile lilibuniwa Marekani miaka ya 1930 kwa ajili ya marubani wa kijeshi, na mwaka 1937 kampuni ya Bausch & Lomb ikaanza kuiuza kwa raia kwa jina la Ray-Ban. Kioo kilifanywa kikubwa kushuka chini kwa sababu rubani huinamisha macho mara kwa mara kusoma vipimo vyake, na jua humfuata huko huko. Filamu ya Top Gun ya mwaka 1986 ndiyo iliyoirudisha kwenye fasheni ya dunia. Sisi Mpanda filamu hiyo hatukuiona hadi miaka mingi baadaye, lakini miwani ilitangulia. Ya studio haikuwa Ray-Ban ya kweli; mjomba aliinunua Kariakoo, Dar es Salaam, na hakumficha mtu. Ila mteja aliyeivaa alijinyoosha mgongo papo hapo. Hilo nililiona kwa macho yangu kila jioni, na hadi leo sijaona nguo wala kiatu kinachombadilisha mtu upesi namna ile.

Kila kitu kizuri kilikuja na treni. Reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda, takriban kilomita 210 za miombo na mbung'o, haikujengwa kwa ajili ya abiria. Wakoloni waliijenga baada ya Vita Kuu ya Pili ili kutoa madini ya risasi ya kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi ulipofungwa mwaka 1960 reli ilibaki, nasi tukabaki nayo. Wakati wa masika barabara za Tabora na Sumbawanga zilikatika, lakini treni ilifika, hata kama ilichelewa. Siku ya treni mji mzima ulikwenda stesheni, mwenye mgeni na asiye na mgeni.

Kabla ya mwaka 1984 ungeweza kukaa stesheni mwezi mzima usione miwani ya kuuzwa. Bidhaa za nje zilikuwa adimu, hata sabuni ilipangiwa foleni. Serikali ilipolegeza masharti ya kuingiza bidhaa mwaka huo, na Mzee Ali Hassan Mwinyi alipoingia Ikulu mwaka uliofuata na watu wakamwita Mzee Rukhsa, mitumba ikafika hadi mwisho wa reli, na pamoja na mitumba vikaja vitu vidogo vidogo: vitana, vioo vya mfukoni, mikanda, miwani. Wachuuzi waliichomeka kwenye kipande cha boksi kilichotobolewa na kukibeba kifuani. Fremu za wakati ule zilikuwa kubwa, za plastiki, rangi ya chai au ya damu ya mzee, mikono ikianzia chini karibu na shavu kisha ikapanda kuelekea sikioni. Kioo kilikuwa cheusi juu na kufifia chini. Ulaya umbo hilo lilikuwa la miaka ya 1970 na lilikwisha kuchosha watu. Kwetu lilikuwa jipya kabisa, na sioni kwa nini tuseme lilichelewa. Lilifika siku liliyofika, likavaliwa.

Waliolivaa kwanza ni wakulima wa tumbaku. Msimu wa malipo ulipowadia, vijana waliingia mjini kutoka vijijini na pesa zao, wakanunua shati, viatu, betri za redio, na miwani ya jua. Nimewasikia wasomi wakisema kwamba mkulima anayenunua miwani ya jua kabla ya mbolea ni mshamba. Maneno hayo huniuma. Kijana yule ameshinda miezi shambani akipanda, akipalilia, akikata vikonyo, kisha akakesha bani akilisha moto ili majani yakauke vizuri, macho mekundu kwa moshi. Mnunuzi amempangia daraja la tumbaku yake bila kumuuliza. Kitu kimoja alichochagua mwenyewe mwaka ule, kwa kukipima usoni mbele ya kioo na kukilinganisha na kingine, ni ile miwani. Kumnyima hata hilo ni kumtaka awe mikono tu, asiwe na uso.

Wateja niliowapenda zaidi walitoka Katumba. Makazi yale yalianzishwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972, na reli inapita hapohapo. Vijana wa rika langu walikuwa wamezaliwa Katumba. Burundi waliijua kwa masimulizi ya wazee. Kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali, kwa hiyo aliyefika studio alikuwa amejipanga hasa. Wengi walihitaji picha mbili kwa mkupuo. Ya kwanza ilikuwa pasipoti saizi kwa ajili ya karatasi za ofisini: kichwa wazi, masikio yaonekane, miwani vua. Ya pili ilikuwa ya kwao wenyewe. Hapo ndipo soksi ilipoteremshwa kabatini. Namkumbuka kijana mmoja mrefu, shati jeupe lililofungwa hadi kifungo cha juu, aliyekataa koti, akakataa tai, akakataa redio. Alitaka miwani peke yake. Aliisogeza mwenyewe mbele ya kioo kwa kidole cha kati, mara moja, kisha akasema, "Sasa piga." Zaidi ya watu 160,000 wa kizazi kile na watoto wao walikuja kupewa uraia wa Tanzania, na vyeti vyao vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Miaka mingi kabla ya hapo walikuwa wameshapigwa picha kama watu wa mji wowote duniani, na picha hizo naamini bado zimo kwenye masanduku ya Katumba.

Kutoka magharibi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, fasheni ilikuja kwa njia nyingine. Wafanyabiashara walivuka na vitenge wakashukia Karema au Kigoma, na pamoja na vitenge wakaja na kaseti za muziki na namna ya kuvaa. Zaire ilikuwa na Mobutu, na fremu zake nzito nyeusi chini ya kofia ya chui zilijulikana hata na mtoto. Wazee wa mtaani kwetu walipendelea nyingine: fremu yenye ukingo mnene juu ya jicho na waya mwembamba chini, aliyokuwa akiivaa Patrice Lumumba hadi alipouawa Januari 1961. Mwalimu mmoja mstaafu wa Makanyagio alikuwa nayo ya namna hiyo hiyo, na kila aliposoma gazeti barazani alionekana kama mtu anayeandaa hotuba. Halafu walikuwepo vijana waliomfuata Papa Wemba, kiongozi wa Viva la Musica, aliyeifundisha Kinshasa yote kwamba mavazi ni heshima ya mtu hata akilala njaa. Hao miwani yao ilikuwa ya duara, midogo, na waliivua kwa madaha kila walipotaka kusema jambo.

Dada yangu mkubwa hakuhitaji miwani ya jua. Alihitaji kuona.

Shuleni alikaa dawati la mbele, na hata hapo alikunja uso kama anayenusa moshi. Njiani hakuwatambua watu hadi wamfikie, na wamama wa mtaani wakalalamika kwa mama kwamba binti ana maringo, hasalimii. Alikuwa msichana wa miaka 15 na maneno hayo yalimkosesha raha. Sista mmoja wa misheni, aliyekuja mara chache na sanduku la lenzi za kupimia, alimpima akakuta haoni mbali. Kisha akafungua boksi la karatasi lililojaa miwani iliyotumika kutoka Ulaya, kila moja imebandikwa kikaratasi cha namba yake.

Miwani ya kwanza iliyolingana na macho yake ilikuwa ya kiume, nyeusi, nene, pana kuliko uso wake. Sista alimvisha. Dada akasoma ubao wa herufi hadi mstari wa chini. Akaombwa ajitazame kioo. Akajitazama, akaivua, akaikunja vizuri na kuirudisha mezani kwa mikono miwili.

"Ahsante Sista. Siitaki."

Mama alimkemea palepale. Mtu wa bure huchagua? Lakini Sista, nitamshukuru maisha yangu yote, hakumkemea. Alivuta kiti, akamwaga boksi lote mezani, akamwambia, "Basi tutafute." Walitafuta mchana kutwa. Mimi nilikaa mlangoni nikipokezana kuzifuta kwa kitambaa. Zilikuwepo za waya za duara kama walizovaa mapadri wazee, za plastiki ya rangi ya ngozi ya Kizungu ambazo kwenye uso wetu zilionekana kama kidonda, na za watoto zenye waya wa kuzunguka sikio. Karibu na chini kabisa dada akavuta fremu ya bluu iliyoiva, ncha zake za juu zikipanda kuelekea kwenye nyusi, na kwenye kila ncha vijiwe vitatu vya kung'aa. Kimoja kilikuwa kimedondoka, vimebaki vitano. Ni umbo la wanawake wa Ulaya na Marekani la miaka ya 1950, waliloliita jicho la paka. Namba haikulingana kamili, ilipungua kidogo. Dada aliivaa, akajitazama, akakaa kimya, kisha akacheka na meno yote nje. Sista alikubali.

Siku ya treni iliyofuata alisimama jukwaani stesheni akasoma namba zilizoandikwa ubavuni mwa mabehewa ya mizigo yaliyokuwa reli ya tatu, moja baada ya nyingine, kwa sauti, mpaka walinzi wakageuka. Akamsalimia kila mama aliyepita. "Shikamoo mama mdogo! Shikamoo bibi!" Alikuwa akiwaona wanakuja kutoka mbali. Aliivaa miwani ile hadi kidato cha nne, na wasichana wengine walimwomba waivae kidogo, wakashikwa na kizunguzungu, wakairudisha na bado wakaitaka. Wawili kati yao walikwenda kupimwa macho wenyewe. Nasema kwa uhakika wote nilio nao: ilikuwa fremu iliyowapeleka. Lenzi bila fremu anayoipenda mtu hukaa kabatini. Wanaogawa miwani vijijini hadi leo wakileta umbo moja baya kwa kila uso, kisha wakashangaa watu hawaivai, wangekaa mezani mchana kutwa kama Sista yule.

Mkono wa miwani ya bluu ulivunjika mara moja, kwenye bawaba. Fundi saa wa sokoni ndiye aliyekuwa fundi wa miwani wa mji mzima, kwa sababu ndiye mwenye bisibisi ndogo kuliko zote. Kwanza aligonga fremu mezani kwa ukucha akasikiliza. Plastiki rahisi ya kumiminwa hulia kavu na ikipashwa moto huyeyuka au hupasuka. Ya dada ilikuwa asetati, inayotengenezwa kwa nyuzi za mbao au za pamba, pamba kama hii inayolimwa sasa Katavi. Hiyo hulainika taratibu na kukubali kukunjwa. Alikuwa na kopo la mchanga uliochujwa, juu ya jiko la mkaa, na aliuzamisha mkono wa miwani ndani ya mchanga wa moto huku akihesabu kimoyomoyo. Maduka ya miwani ya Ulaya yalitumia njia hiyo hiyo ya mchanga au chumvi ya moto kwa miongo mingi. Ulipolainika, alipasha sindano, akatoboa, akapitisha waya mwembamba wa shaba kutoka kwenye mota mbovu, akausokota mara mbili na kuukandamiza usimkwaruze. Kisha akaiweka miwani juu ya kioo cha meza kuona kama miguu yote minne inagusa. Haikugusa. Akaipasha tena. Alimlipisha dada nusu bei na kumwambia asiilalie.

Sisi wadogo tulikuwa na zetu. Mabua ya mtama yakikauka, unachubua ganda la nje kwa meno likatoka ukanda mrefu, mgumu, wa kung'aa. Ndani kunabaki boko laini. Vipande vya boko ndivyo viungo, maganda ndiyo fremu. Unakunja duara mbili, unachomeka daraja, unachomeka mikono, na ukipata karatasi za pipi zinazopitisha mwanga, nyekundu au njano, unazibandika kwa utomvu. Mashindano yalikuwa ni nani atengeneze umbo la mwezi ule: ya rubani, ya Mobutu, ya dada yangu yenye ncha. Miaka mingi baadaye niliona kazi za Cyrus Kabiru, msanii wa Nairobi anayetengeneza miwani kwa vyuma chakavu, waya, vijiko na vizibo, akiziita C-Stunners, zikaonyeshwa duniani. Nilizitazama kwa furaha ya mtu anayekutana na mwanakijiji mwenzake ugenini.

Darasani kwetu alikuwepo mvulana mwenye ualbino. Jua la Katavi mwezi wa Septemba, kabla ya mvua, lilimfanya afumbe macho hata kivulini, kwa sababu jicho lisilo na rangi ya kutosha huruhusu mwanga uingie kutoka kila upande. Mjomba alimnunulia kwa mchuuzi miwani yenye mikono mipana inayoziba pembeni. Baadhi ya watoto walimzomea kwamba anajifanya staa. Yeye alijibu kwa kuchagua na kofia inayolingana nayo. Alivaa vizuri kuliko sisi sote, na hakuna siku aliyokuja shule bila kupiga pasi. Miaka ya 2000 mauaji ya wenye ualbino yalipozuka katika Kanda ya Ziwa na mikoa ya magharibi, nilimfikiria kila niliposikia taarifa redioni. Yuko hai, ni mwalimu, na miwani yake sasa ina namba na rangi kwa pamoja.

Miaka ya 1990 fremu zilinywea. Zilikuja za chuma, duaradufu, ndogo, na kila karani akawa nazo. Baada ya filamu ya The Matrix ya 1999 zikazidi kuwa nyembamba, nyeusi tii, na vibanda vya video vilivyoendeshwa kwa jenereta vikajaa vijana waliotazama filamu gizani wakiwa wamezivaa. Bongo Fleva ikaleta vioo vya njano, bluu na waridi ambavyo havikuzuia jua lolote. Wachimbaji wadogo wa dhahabu waliotoboa mwamba walinunua ya bei kubwa kuliko zote na kuiacha na kikaratasi chake kwenye kioo ili watu waone ni mpya. Katikati ya miaka ya 2010 wasichana wa vyuo walirudi likizo na fremu nyeusi kubwa zisizo na lenzi kabisa. Wanangu wananiambia zimepita. Sikuzipenda, ila nilitambua ni zilezile alizozikataa dada yangu.

Siku moja tu nimewaona watu wa Mpanda wakivaa umbo moja bila kubagua. Septemba 1, 2016 mwezi ulipita mbele ya jua na kuacha pete. Kusini mwa Tanzania watu walimiminika Rujewa, wilayani Mbarali, kulitazama. Kwetu jua lilimegwa karibu lote. Waliopata miwani maalumu, ya fremu ya karatasi ngumu na utando mweusi, waliipokezana uwanjani, mwanasheria, mama ntilie na mtoto wa chekechea, kila mmoja sekunde chache. Niliwaona vijana wakitaka kutumia miwani yao ya kawaida ya jua, na nilipiga kelele hadi sauti ikakauka, kwa sababu kioo cheusi cha mtaani hakiwezi kuzuia jua la kutazamwa uso kwa uso.

Na hata kwa jua la kila siku kuna jambo ambalo ningependa kila mwendesha bodaboda wa Mpanda alijue. Mboni hutanuka gizani. Ukivaa kioo cheusi kisichochuja miale ya urujuanimno, umeifungua mboni kwa giza la uongo, na miale inaweza kuingia kwa wingi kuliko kama ungekunja uso bila miwani. Weusi wa kioo hauhusiani na uchujaji; kioo cheupe kabisa kinaweza kuchuja kuliko cheusi. Alama ya kutafuta ni UV400, ingawa nayo hubandikwa hovyo, ndiyo maana maduka ya miwani yenye kifaa cha kupimia yana thamani. Vijana hawa wanakula vumbi na upepo mchana kutwa, na kile kinyama kinachotambaa kutoka pembe ya jicho kuelekea kwenye mboni nimekiona kwa wengi ambao bado hawajafika miaka 30. Wameshaipenda miwani. Kinachobaki ni waipate iliyo nzuri na yenye kinga kwa pamoja.

Mkoa wa Katavi ulipotangazwa mwaka 2012, Mpanda ikawa makao makuu, zikaja ofisi, benki, na watumishi waliohamishwa kutoka kila pembe na macho yao yaliyochoka kwa kompyuta. Rais wa sasa, Samia Suluhu Hassan, huonekana mbele ya taifa akiwa na miwani yake, na sijamsikia mama yeyote wa mtaani kwetu akimwambia binti kwamba miwani inamzeesha. Za kusomea zimejaa mikononi mwa machinga, +1.00 hadi +3.50, na wateja huzipima kwa kusoma namba za vocha au kwa kutunga uzi kwenye sindano. Za kupimwa zinauzwa dukani, fremu zimepangwa ukutani chini ya taa: za plastiki angavu, za duara za chuma, zenye ncha za jicho la paka zilizorudi tena, na lenzi zinazobadilika rangi juani, ambazo kampuni ya Corning ilizianzisha miaka ya 1960.

Majuzi nilimsindikiza dada dukani. Anataka lenzi moja ya mbali na karibu, na fremu nyepesi, na ya bluu. Mbele yetu alikuwepo mzee wa makamo, mkulima wa mpunga kutoka Mwamkulu, na mkewe. Alikuwa amejaribu fremu nyingi, na kijana wa duka hakuonyesha kuchoka hata kidogo. Mwisho akavaa moja ya plastiki angavu, isiyo na rangi, kama wanavyovaa vijana wa Dar es Salaam. Akamgeukia mkewe.

"Mama, hii vipi?"

Mkewe alimtazama kushoto, akamtazama kulia, akamrekebishia ukosi wa shati. "Chukua hiyo."

"Basi hii ya kusomea nimechukua," akamwambia kijana, "ila nitafutie na ya jua, ya kuendea shambani. Isiwe nyeusi sana, nataka niwaone kwelea kwelea wakiwa bado mbali."

Kijana akavuta droo ya pili.